Mkono wa Fundi Ndani ya Kioo



Yako makosa ambayo mwalimu huyafanya mbele ya mtu mmoja tu, lakini kuyasahihisha kwake yafaa kuwe mbele ya wengi. Kosa langu lilikuwa hivi. Mjukuu wangu wa miaka 11 alinijia usiku mmoja baada ya sala ya Isha, simu ya mama yake i mkononi. Akanionyesha mchezo ambao ndani yake msichana mdogo alikuwa akipanda ngazi na kufungua milango katika mji uliojengwa kwa karatasi. Akaniuliza, "Babu, karatasi hizi ni za kweli?" Nami, kwa haraka ya mtu asiyetaka kusumbuliwa, nikamjibu, "Hapana cha kweli humo, mjukuu wangu. Hayo yote yafanywa na mashine. Hapana jasho la mtu."

Nikalala nikidhani kuwa nimefundisha. Baadaye nikawauliza wanaojua na nikasoma, nikakuta kwamba mtoto ndiye aliyeona sawasawa. Karatasi zilikuwa za kweli, na jasho lilikuwapo tele. Basi makala haya kwanza ni kumwomba radhi mtoto, na pili ni kuwaeleza wazazi wenzangu habari ambayo wengi wetu hatuijui: namna mkono wa binadamu ulivyoingia ndani ya michezo ya kompyuta, ukatolewa, kisha ukarudi.

Mwanzo wa habari ni udhaifu wa mashine. Kompyuta za miaka ya mwanzo ya 1990 hazikuwa na nguvu ya kutengeneza umbo lenye kivuli, mikunjo na uzito likaonekana kama kitu kinachoshikika. Watengenezaji wa michezo wakaona kuwa ni wepesi zaidi kukitengeneza kitu chenyewe kwa mikono, wakakipiga picha, kisha picha zile zikaingizwa katika kompyuta. Katika mchezo wa Mortal Kombat uliotoka Marekani mwaka 1992, wapiganaji wengi walikuwa watu waliopigwa picha, lakini yule jitu mwenye mikono minne alikuwa sanamu iliyochongwa na kusogezwa kidogo kidogo. Mwaka 1993 ulitoka Doom, na baadhi ya madude yake yalifinyangwa kwanza kwa udongo, kisha yakazungushwa na kupigwa picha kila upande. Sitaji michezo hiyo miwili kwa kuisifu, kwani imejaa damu na vitisho, na mzazi anayemwachia mtoto mdogo hana udhuru. Naitaja kwa sababu historia yaanzia hapo: mkono uliitwa kwa kuwa mashine ilikuwa haiwezi.

Kisha ikaja sahani ya CD. Diski ndogo za zamani zilichukua kiasi cha megabaiti moja na nusu tu, na sahani moja ya CD ikachukua kiasi cha megabaiti 650. Hapo palipatikana nafasi ya kuweka picha nyingi na sinema nzima ndani ya mchezo. Mtu mmoja Mmarekani, Doug TenNapel, pamoja na wenzake, wakaitumia nafasi hiyo kufanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Badala ya kufinyanga dude moja au mawili, walifinyanga dunia nzima. Mchezo wao uliitwa The Neverhood, ukatolewa mwaka 1996 na kampuni ya DreamWorks Interactive. Majumba, minara, milango na watu wake vilifanywa kwa zaidi ya tani 3 za udongo.

Yafaa msomaji afahamu kazi hiyo hufanywaje. Kijitu cha udongo husimamishwa, kikapigwa picha. Fundi humsogeza mguu kadiri ya upana wa ukucha, akapiga picha nyingine. Humsogeza tena, akapiga tena. Picha zile zikipitishwa upesi, jicho huona kijitu kinatembea. Sekunde 1 ya sinema huwa na picha 24. Hata fundi akipunguza akatumia 12, dakika 1 itamtaka picha 720, na kila picha ina msogezo wake. Akitikisa meza kwa bahati mbaya, aweza kulazimika kuanza upya. Wale wanaosema kuwa vijana wa zama hizi hawana subira, na mimi nilikuwa mmoja wao, wangefaa kukaa siku moja karibu na fundi wa namna hii.

Pamoja na uzuri wake, mchezo ule haukupata soko kubwa madukani. Na katika miaka ile ile mashine ilipata nguvu. Kompyuta zikaanza kuchora wenyewe maumbo yenye pande zote, yakazunguka na kukimbia bila ya udongo wala kamera. Wenye mali wakapiga hesabu: kwa nini kulipa mikono kumi mwaka mzima, ikiwa mashine yatosha? Udongo ukawekwa kando. Mtu angeweza kusema kuwa habari imeishia hapo, kama zilivyoishia kazi nyingi za mikono tulizozijua utotoni.

Lakini haikuishia hapo, na hili ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Mkono ulirudi wakati mashine imekwisha kuwa na nguvu, wakati hauhitajiwi tena. Safari hii haukuitwa na dhiki, uliitwa na mapenzi.

Mwaka 2010 Waswidi wawili walitoa sehemu ya kwanza ya mchezo uitwao The Dream Machine, walioujenga kwa udongo, kadibodi, na hata mboga za jikoni. Ulikuwa na sehemu 6, na ya mwisho haikutoka ila mwaka 2017. Mjini London, kikundi kiitwacho State of Play kikajenga mji wa mfano wenye urefu wa futi 10, wa karatasi na kadibodi, ukatiwa taa ndogo ndogo na mota za kuzungusha magurudumu yake. Kazi ilichukua kiasi cha miaka 3. Mchezo huo ni Lumino City, uliotoka mwishoni mwa mwaka 2014, na mwaka 2015 ukapewa tuzo ya sanaa ya BAFTA huko Uingereza. Huo ndio mchezo alionionyesha mjukuu wangu, nami nikamwambia kuwa hapana jasho la mtu. Mwaka 2021 Mpolandi mmoja, Tomasz Ostafin, alitoa Papetura, ambao vitu vyake vilikatwa na kukunjwa kwa karatasi. Na mwaka 2024, katika mji wa Cologne nchini Ujerumani, kikundi cha Slow Bros. kikakamilisha Harold Halibut baada ya zaidi ya miaka 10 ya kazi. Viti, vikombe, kuta, nguo za watu wake, vyote vilifanywa kwanza kwa mkono, kisha vikapigwa picha pande zote, na kompyuta ikaziunga picha hizo pamoja. Hapa mashine imekuwa mtumishi wa mkono, nayo haikuchukua mahali pake.

Najua atakuwapo atakayeuliza: na hayo masanamu, je? Suala la kutengeneza sura za viumbe wenye roho, na la watoto wa bandia wanaochezewa na watoto wetu, wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu, na mwenye haja na amwendee sheikh wake amfafanulie. Mimi hapa nasimulia historia, sitoi fatwa. Ila nataka tusijifiche nyuma ya suala hilo tukaacha kujifunza lililo wazi.

Na lililo wazi ni hili, tena lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kwamba kazi iliyofanywa vizuri haifichiki. Mtoto wa miaka 11, ambaye hakusomeshwa sanaa na mtu, aliona mara moja kuwa karatasi ile ni karatasi. Aliona ukingo uliokatwa kwa mkasi na kivuli kilichoangukia mahali pake. Dini yetu yatuhimiza kwamba mtu akifanya jambo alifanye kwa ukamilifu. Watu hawa si wa dini yetu wengi wao, lakini wamekaa miaka 3, miaka 7, miaka 10 juu ya jambo moja hadi likatimia. Yatupasa kuona haya kidogo, sisi ambao fundi wetu huacha mlango haufungiki vizuri na akadai ujira kamili.

Upande wa pili ni kwamba uzuri wa mkono hausafishi kila kitu. Mwaka 2017 huko Kanada, ndugu wawili, Chad na Jared Moldenhauer, walitoa mchezo wa Cuphead. Kila picha ya viumbe wake ilichorwa kwenye karatasi kwa penseli na ikapitishwa wino, na mandhari zake zikapakwa rangi za maji, kwa mtindo wa katuni za miaka ya 1930. Ndugu hao waliacha kazi zao na wakaweka rehani nyumba zao ili wakamilishe. Katika wiki mbili za kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 1. Na kisa chake ni nini? Ni kijana aliyeingia nyumba ya kamari, akacheza dadu na Shetani, akashindwa, na roho yake ikawa deni. Mzazi mwenye akili aweza kukifanya kisa hicho kuwa somo, amwonye mwanawe juu ya kamari ambayo siku hizi imo ndani ya simu hizo hizo. Mzazi asiyekaa na mwanawe hatajua hata kuwa kisa kipo. Basi swali letu lisiwe tu "ni mchezo wa simu au si mchezo wa simu." Tuulize: kimo nini ndani yake, umechukua saa ngapi, na sala imekuwaje?

Leo zimekuja programu za kompyuta zinazochora picha kwa kuamriwa kwa maneno tu, katika sekunde chache. Watu wanauliza kama mkono wa fundi umefika mwisho wake. Miaka thelathini iliyopita ulidhaniwa umefika mwisho, nao ukarudi, kwa sababu walikuwapo waliokubali kuchelewa na kupata hasara ili kazi iwe kama walivyoitaka. Kurudi kwake tena kutategemea kama watakuwapo wengine, na hao ndio watoto tulio nao majumbani sasa.

Nilimwita mjukuu wangu nikamwambia, "Ulisema kweli, mimi ndiye niliyekosea." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Babu, nipe katoni ya sabuni." Nilimpa, pamoja na mkasi na gundi. Mpaka leo amemaliza ukuta mmoja na mlango wake, na mlango unafungika vizuri. Simu ya mama yake haikuguswa jioni tatu.

Wabillahi tawfiq.