Mfuko Unaofuata Msimu: Fedha za Serikali kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Nachingwea na Ruangwa

Biashara ndogo katika nchi ya Wamwera, kuanzia mji wa Nachingwea hadi Ruangwa na kata zake kama Likunja, huishi kwa msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, kisha korosho huanza kuingia maghalani mwezi Oktoba. Minada ikiisha, na masika yakishika, fedha hukauka mikononi mwa watu. Miezi hiyo mwenye duka huuza kwa daftari: jina la mteja, kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, na ahadi ya kulipa korosho zikitoka. Duka linaloyumba mwezi wa Machi mara nyingi halikukosa wateja. Mtaji wake umelala ndani ya daftari. Kila serikali iliyotaka kuwainua wafanyabiashara wa huku ilikutana na daftari hilo, na nyingi zililipita bila kulifungua.

Chini ya Waingereza mlango wenyewe ulifungwa. Biashara ya Kusini ilikwenda kwa mali kauli: tajiri wa Lindi, mara nyingi Mhindi au Mwarabu, alimpa mwenye duka wa bara vitambaa, chumvi na mafuta ya taa kwa deni, naye akalipa kwa mazao baada ya mavuno. Sheria ya mwaka 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilisema kuwa deni ambalo Mwafrika amekopeshwa na asiye Mwafrika halidaiki mahakamani bila idhini ya serikali. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda mwenyeji asifilisiwe. Matokeo yake ni kwamba tajiri hakuona sababu ya kumkopesha mtu asiyeweza kumshitaki, na Mwafrika aliyetaka kufungua duka alibaki na kile alichoweka akiba mwenyewe. Sheria hiyo ilidumu karibu muda wote wa utawala wa Mwingereza.

Serikali hiyo hiyo, iliyoona hatari kumkopesha mwanakijiji bidhaa za dukani, mwishoni mwa miaka ya 1940 iliingia Nachingwea na matrekta ya mradi wa karanga. Shirika la Chakula la Ng'ambo lilifyeka misitu, likajenga nyumba, karakana na reli ya kutoka pwani, na bandari mpya ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulivunjwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Karanga hazikupatikana za kutosha hata kurudisha gharama. Kilichobaki ni mji. Mishahara ya vibarua ilikuwa imevuta wauza chai, mafundi cherehani, mafundi baiskeli na wachuuzi wa samaki wakavu, na kwa mara ya kwanza sehemu hii ya bara ikawa na wateja wenye fedha taslimu kila mwisho wa mwezi. Hakuna aliyewapangia watu hao chochote; walijipanga wenyewe pembeni ya mradi. Mishahara ilipokatika, soko lao lilisinyaa, na reli yenyewe ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mifuko ya kwanza ya kuwakopesha Waafrika ilitoka katika miaka hiyo. Mfuko wa Mikopo ya Maendeleo ya Mitaa ulianza 1947, na ule wa kuongeza tija ya Waafrika ukafuata 1955. Lengo lilikuwa zaidi mkulima na jembe lake la kukokotwa, na aliyenufaika alikuwa mtu mwenye cha kuweka rehani. Mchuuzi wa sokoni hakuwa na rehani.

Baada ya uhuru jukumu lilihamia kwenye vyama vya ushirika, ambavyo vilinunua korosho na kumpa mkulima pembejeo kwa mkopo. Kisha, ndani ya miaka michache, vyombo vyote vilivyoweza kubeba mpango wa wilaya vikaondolewa. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka huo huo Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili yawe ya kijiji. Mwenye duka wa kijijini, ambaye daftari lake ndilo lililokuwa benki ya majirani, aligeuzwa kuwa mnyonyaji wa kuondolewa. Maduka ya vijiji hayakuchukua muda kukaukiwa na bidhaa. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa 1973, lilihudumia mafundi na karakana, lakini lilikuwa chombo cha mkoa na taifa. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ilimhesabu mchuuzi asiye na kibali kuwa mzururaji.

Halmashauri zilirudi mwaka 1984, chini ya sheria zilizopitishwa 1982. Ruangwa wakati huo ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Ikawa wilaya kamili mwaka 1995. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ilizipa halmashauri vyanzo vyake, na kwa wilaya za korosho chanzo kikubwa kilikuwa ushuru wa mazao. Jambo hili dogo la kihasibu ndilo lililoamua sura ya kila kilichofuata.

Mwaka wa fedha 1993/94 serikali ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake na Mfuko wa Maendeleo ya Vijana. Hazina ilichangia, na halmashauri zikaagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nusu kwa wanawake na nusu kwa vijana. Fedha zilikopeshwa kwa vikundi, kwa riba. Lilikuwa agizo, na agizo bila sheria hutekelezwa mapato yakiruhusu. Mkurugenzi mwenye mishahara ya vibarua wa kulipa, posho za madiwani na gari bovu la wagonjwa alitenga asilimia 10 kwenye makabrasha, kisha akatoa alichobakiza. Kwa miaka mingi fungu hilo lilionekana vizuri zaidi katika bajeti kuliko katika akaunti.

Wakati halmashauri zikisuasua, kazi ya maana ilifanywa na wengine. Programu ya RIPS, iliyogharimiwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara kuanzia 1988 hadi 2005, iliwazoesha watu kukaa chini na kupanga vipaumbele vyao kabla ya fedha kuja. Vicoba, vikundi vya kuweka na kukopa, vikaenea, na kuanzia 2009 Aga Khan Foundation ikasimamia vikundi vya namna hiyo katika mikoa hiyo miwili. Utaratibu wa vikundi hivyo unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinahesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mzunguko fedha zinagawanywa. Mpango wa serikali kuu wa 2006, ambao watu waliuita mabilioni ya JK, yaani Rais Jakaya Kikwete, ulipitia kwenye benki. Mchuuzi wa Likunja alikuwa karibu zaidi na sanduku kuliko na dirisha la benki.

Mabadiliko makubwa yalikuja 2018. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliongeza kifungu cha 37A katika sheria ya fedha za serikali za mitaa: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo usiwe na riba. Kanuni zikatoka 2019. Kilichokuwa hisani ya mkurugenzi kikawa deni la kisheria, na ni haki kusema kwamba hakuna hatua nyingine katika historia hii iliyomfikisha mama lishe wa kijijini karibu hivyo na fedha za umma.

Hata hivyo hesabu yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Korosho ikiuzwa shilingi 3,300 kwa kilo, halmashauri hupata shilingi 99, na katika hizo mfuko wa mikopo huambulia chini ya 10. Tuseme wilaya imekusanya shilingi bilioni 3 za mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyotengewa matumizi maalumu: fungu la wanawake ni milioni 120. Ruangwa ina kata zaidi ya 20, kwa hiyo kila kata haifikishi milioni 6, ambazo zinatosha kikundi kimoja, labda viwili. Vikundi vingine vinasubiri marejesho ya wenzao.

Mwaka ule ule wa sheria mpya ulionyesha udhaifu wake. Mnada wa korosho wa msimu wa 2018/19 ulikwama kwa bei ndogo. Novemba Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 na jeshi lisombe mzigo. Malipo kwa wakulima yalichukua miezi, na ushuru wa halmashauri nao ukakawia. Madaftari ya maduka yalijaa. Biashara zilianguka kwa sababu mkulima hakulipwa, na mfuko wa kuzikopesha ulipungua kwa sababu hiyo hiyo. Desemba hiyo vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 viliwaondolea wachuuzi usumbufu wa ushuru wa kila siku, nafuu ya kweli kwa mtu wa gulioni. Lakini fedha zake zilikwenda serikali kuu, na halmashauri ikapoteza kijisehemu kingine cha mapato.

Msimu huo pia ndio kangomba ilipopigwa vita kwa nguvu kuliko wakati mwingine. Kangomba ni biashara ya kumnunulia mkulima korosho mapema, kwa kipimo kisicho rasmi na bei ya chini, akiwa na shida ya ada au ugonjwa. Sheria inaikataza kwa kuwa inapita nje ya stakabadhi ghalani na vyama vya msingi, ambavyo katika Ruangwa, Nachingwea na Liwale viko chini ya chama kikuu cha RUNALI. Ni unyonyaji, bila shaka. Lakini pia ni mkopo wa Machi, unaopatikana siku hiyo hiyo, bila katiba ya kikundi wala andiko la mradi. Mkopo wa halmashauri haujawahi kushindana nao kwa kasi.

Safari ya mkopo wa halmashauri ni ndefu. Kikundi husajiliwa, huandika katiba na muhtasari wa kikao, hufungua akaunti, huandaa andiko la mradi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hukagua, kamati ya kata hujadili, maombi hupanda wilayani, na mwisho hupita kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Kanuni za 2019 zilitaka kikundi chenye mradi wa pamoja, ilhali biashara nyingi za kijijini ni za mtu mmoja: mmoja anakaanga vitumbua, mwingine anashona, wa tatu anauza dagaa. Njia waliyoipata wengi ni kuandika ufugaji wa kuku au ufyatuaji wa matofali, kisha kugawana fedha. Karatasi zikasema mradi mmoja, na afisa akija kuutazama akawa haoni kitu. Mwaka 2021 kanuni zilirekebishwa, na mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Kwa wanawake na vijana sharti la kikundi lilibaki.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziliendelea kutaja mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Aprili 2023 mikopo ilisitishwa nchi nzima, na aliyelitangazia Bunge ni Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye alikuwa mbunge wa Ruangwa. Halmashauri ziliendelea kutenga fedha bila kukopesha. Kwa zaidi ya mwaka mmoja wafanyabiashara wa jimbo lake, kama wa majimbo mengine, walirudi kwenye sanduku la vicoba na daftari.

Mikopo ilirejea 2024 kwa kanuni mpya: uhakiki wa vikundi umeongezwa, maombi hupitia mfumo wa kielektroniki, na umri wa vijana umepandishwa hadi miaka 45. Halmashauri kumi zilichaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki, Newala Mji na Manispaa ya Songea zikiwamo. Ruangwa na Nachingwea zilibaki na utaratibu wa kamati.

Ruzuku yenyewe, fedha isiyorudishwa, imekuwa adimu kwa biashara. Salfa ya mikorosho iligawiwa bure msimu wa 2017/18, lakini hiyo ilikuwa ya mkulima. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, katika awamu iliyozinduliwa Februari 2020, ilitoa ruzuku ya uzalishaji kwa kaya maskini zilizokwisha kupata mafunzo na kuandika mpango mdogo wa biashara. Hapo mtu binafsi alipewa mtaji kwa jina lake. Mwenye duka lililoyumba hakuwamo. Si maskini wa kutosha kwa TASAF, si kikundi kwa halmashauri, na hana hati ya nyumba ya kuweka rehani benki. Anayemfaa ni muuzaji wa jumla wa Ruangwa mjini anayekubali kumpa katoni tatu za sabuni hadi mnada wa kwanza wa ufuta, kwa mali kauli.