Senti Kumi kwa Siku: Majimbo ya Marekani na Somo la Fedha

Machi 3, 1865, wiki chache kabla ya kuuawa, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha benki ya akiba ya watu weusi waliotoka utumwani. Freedman's Savings Bank ilisambaza matawi yake, mengi yakiwa kusini mwa nchi, na kila aliyeweka amana alipewa kitabu. Humo mlichapishwa jedwali la kuonyesha jinsi senti 10 kwa siku zinavyokua kwa riba mwaka hadi mwaka. Kwa mtu ambaye juzijuzi tu alihesabiwa kuwa mali ya mwingine, jedwali lile lilikuwa shule.

Na wanafunzi walilielewa somo. Askari, wakulima na wafua nguo walipeleka akiba zao benki. Lakini mwaka 1870 Bunge la Marekani liliilegezea benki masharti, ikaruhusiwa kukopesha kwa dhamana ya ardhi na majengo. Henry Cooke, aliyeongoza kamati ya fedha, alielekeza mikopo kwa watu na makampuni ya karibu yake. Kampuni ya kaka yake, Jay Cooke, ilipofilisika Septemba 1873, uchumi wote uliyumba. Frederick Douglass, mpigania uhuru mashuhuri, alikubali kuwa rais wa benki hiyo mwaka 1874 na hata akaikopesha dola 10,000 za mfukoni mwake. Haikusaidia. Juni mwaka huo milango ilifungwa, na wenye amana zaidi ya 61,000 waliachwa wakidai karibu dola milioni 3. Wengi walikuwa wameamini kuwa serikali imeidhamini benki yao. Haikuwa imeidhamini.

Habari hii haihusu sheria za elimu moja kwa moja, lakini kila ninaposoma sheria za majimbo zilizokuja baadaye huikumbuka. Wale watu 61,000 hawakukosa nidhamu ya fedha. Walifanya yote waliyofundishwa.

Shule ziliingia kazini taratibu. Mwaka 1885 John Henry Thiry, mhamiaji kutoka Ubelgiji, alianzisha akiba za wanafunzi katika shule za Long Island City, New York, na mpango huo ukaigwa kwingineko. Mwaka 1917 sheria ya Smith-Hughes ilitoa fedha za serikali kuu kwa masomo ya ufundi, sayansi kimu ikiwemo, na humo wasichana walifundishwa kupanga matumizi ya nyumba. Wavulana, ambao ndio wangeshika mishahara na kusaini mikataba, kwa sehemu kubwa walipitwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Familia zilinunua magari na majokofu kwa kulipa kidogo kidogo, matangazo yakajaa kwenye televisheni, kisha kadi za mkopo zikaingia. Mwaka 1957 Nevada iliamuru kwa sheria kwamba elimu ya mnunuzi ifundishwe sekondari, na hadi 1985 majimbo 29 yalikuwa yamepitisha sheria za namna hiyo. Machi 15, 1962 Rais John Kennedy alilitangazia Bunge haki nne za mnunuzi: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford aliongeza haki ya kuelimishwa.

Nyingi za sheria hizo zilikuwa na kasoro moja: ziliagiza mada ifundishwe, lakini hazikuipa vipindi vyake, mtihani wala mwalimu aliyeandaliwa. Mada ikaangukia kwa mwalimu wa uraia au wa hesabu, aigusie kama muda utabaki. Taasisi ya Jump$tart ilipowapima wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari mwaka 1997 na 1998, wastani ulikuwa takriban asilimia 57. Mwaka 2008, mikopo ya nyumba ikiwa inaporomoka na familia zikitolewa majumbani mwao, wastani ulikuwa umeshuka hadi asilimia 48.

Wachumi nao walivutana. Bernheim, Garrett na Maki waliandika mwaka 2001 kwamba waliosoma chini ya sheria hizo walijiwekea akiba zaidi ukubwani. Mwaka 2016 Cole, Paulson na Shastry walirudia hesabu na hawakuona tofauti, ila waliona kuwa hisabati ya ziada ilisaidia. Kisha Carly Urban na wenzake walichunguza sheria mpya zaidi za Georgia, Idaho na Texas, wakakuta vijana wa huko wanachelewa kulipa madeni mara chache zaidi na rekodi zao za mikopo ni nzuri zaidi. Kwa maoni yangu, tofauti inatokana na jinsi sheria ilivyoandikwa. Somo linalotakiwa kwa lazima, likapewa saa zake na mwalimu wake, huzaa matunda.

Florida inaonyesha kazi hiyo ilivyo ndefu. Seneta wa jimbo Dorothy Hukill aliupeleka muswada wake mwaka baada ya mwaka. Seneti iliupitisha, Baraza la Wawakilishi likauacha ulale. Alifariki kwa saratani Oktoba 2018. Machi 2022 Gavana Ron DeSantis alisaini sheria yenye jina la mama huyo: kila aliyeingia darasa la tisa kuanzia mwaka wa masomo 2023-24 lazima asome somo la fedha kwa nusu mwaka ndipo ahitimu. Orodha ya mada inafaa kusomwa taratibu. Kuna kufungua akaunti, kukokotoa riba, kujaza fomu ya mkopo na kupokea urithi. Kuna pia kupima ubora wa huduma za benki, na kupinga ankara yenye makosa. Mada hizi mbili za mwisho ndizo ninazozithamini kuliko zote, kwa sababu zinamfundisha mtoto kuihoji benki.

Minnesota, wanakoishi Wakenya wengi, ilifuata mwaka 2023. Katika familia nyingi za wahamiaji mtoto ndiye anayewasomea wazazi barua za benki, hivyo somo hili huingia nyumbani siku hiyohiyo. California ilipitisha yake Juni 2024, nayo itawabana wahitimu kuanzia wa mwaka 2030-31.

Wakati majimbo yakisonga mbele, Washington imerudi nyuma. Ofisi ya shirikisho ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, iliyoundwa kwa sheria ya 2010 baada ya mgogoro wa nyumba, ndiyo inayopokea malalamiko dhidi ya benki na wakopeshaji. Februari 2025 wafanyakazi wake waliamriwa kusimamisha karibu kazi zote, na mvutano ukahamia mahakamani. Kijana wa Florida atahitimu akijua namna ya kuandika lalamiko lake, na bado atahitaji ofisi yenye nguvu ya kumlazimisha mkopeshaji alijibu.