Valeriano Weyler na Siasa ya Maneno

Valeriano Weyler alizaliwa Palma, katika kisiwa cha Mallorca, mwaka 1838, akiwa mwana wa tabibu wa jeshi. Akiwa afisa kijana alipigana Santo Domingo, kisha Cuba katika Vita vya Miaka Kumi (1868–1878). Aghalabu wasifu wake husimuliwa kwa upande wa vita. Hata hivyo, upande wa lugha nao una mengi ya kufunza.

Mwaka 1888 Weyler aliteuliwa Gavana Mkuu wa Ufilipino. Tarehe 12 Desemba mwaka huo, wanawake 20 wa mji wa Malolos walimkabidhi barua ya kuomba shule ya usiku ili wajifunze Kihispania. Ombi hilo halikuwa dogo. Sheria na mahakama zilitumia Kihispania, na asiyejua lugha ya mtawala humhitaji mkalimani hata katika kudai haki yake. Paroko wa mji alipinga, na ombi likakataliwa. Wanawake hao hawakunyamaza. Mwaka 1889 waliruhusiwa, kwa sharti kwamba wagharimie masomo wenyewe na wasome mchana. Shule ilidumu miezi michache tu. José Rizal, aliyekuwa London, aliwaandikia barua ya pongezi kwa Kitagalogi.

Mwaka 1896 Weyler alipelekwa Cuba kuzima uasi. Tarehe 21 Oktoba aliwaamuru wakazi wa mashamba ya Pinar del Río wahamie katika miji yenye ngome kwa muda wa siku nane. Atakayebaki nje angehesabiwa mwasi. Siasa hiyo iliitwa reconcentración, yaani kukusanya upya. Lilikuwa neno la kiofisi, lisilotaja njaa wala kifo. Lakini waliokusanywa hawakuandaliwa chakula cha kutosha wala makazi, na kwa makadirio ya wanahistoria wengi zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa njaa na maradhi.

Weyler aliondolewa Cuba mwaka 1897, baada ya serikali kubadilika Madrid. Hakushtakiwa, baadaye alikuwa Waziri wa Vita, akafariki mwaka 1930.

Wakulima wa Cuba, tofauti na wanawake wa Malolos, walikijua Kihispania, lakini hakikuwaokoa. Hivyo basi, utawala wa kikoloni una njia mbili za kutumia lugha: kumnyima mtu maneno ya kujitetea, na kuyafunika mateso yake kwa jina la upole. Weyler alizitumia zote mbili.