Herufi Mbili Hazifichi Mtu

Mwaka jana picha ya eksirei ya binamu yangu ilizunguka WhatsApp kabla hata hajatoka wodini. Jina lilikuwa limefutwa, lakini maelezo yalibaki: kijana wa boda, miaka 22, ameangukia pale karibu na soko. Kwa mtaa wetu, hiyo ni kama kumtaja kwa kipaza sauti. Aliyeituma alisema ati ni ya kufundisha. Sawa, lakini nani alimuuliza binamu?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya madaktari kuandika habari za wagonjwa wao, na kuna stori mbili za Marekani ambazo zimekataa kunitoka kichwani.

Ya kwanza ni ya Henrietta Lacks, mama mweusi aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumuuliza. Akafariki Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31, lakini seli zake ziliendelea kuzaana maabara. Zikaitwa HeLa, herufi mbili za kila jina lake. Kwa miaka watu waliambiwa mwenyewe ni “Helen Lane”, lakini mwaka 1971 jarida la matibabu likachapisha jina lake halisi. Familia ilijua kwamba seli zake bado ziko hai zaidi ya miaka 20 baada ya mazishi.

Si hayo tu. Machi 2013 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliweka jenomu ya HeLa mtandaoni. Manze, jenomu ya nyanya yako inaweza kufichua magonjwa yanayokunyemelea wewe! Hakuna aliyeuliza familia. Walipolalamika ikaondolewa, na Agosti taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, ikakubali watafiti waombe ruhusa kwanza, na watu wawili wa familia wakae kwenye kamati.

Ya pili ni ya H.M. Mwaka 1953 alipasuliwa ubongo kutibiwa kifafa, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Ripoti ya mwaka 1957 ilimfanya mgonjwa maarufu kuliko wote katika sayansi ya ubongo, lakini dunia ilijua anaitwa Henry Molaison alipofariki tu, Desemba 2008. Kumbe siri inaweza kulindwa miaka 50 watu wakitaka! Ila nalo lina swali: mtu anayesahau mazungumzo dakika chache baadaye anakubali vipi kuchunguzwa? Kuficha jina ni kitu kimoja, kuomba ruhusa ni kingine.

Sipingi ripoti hizi, jameni. Juni 1981, ripoti fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles ndiyo iliyoanza kuamsha dunia kuhusu ugonjwa tunaouita UKIMWI. Ndiyo maana kuna taratibu. Azimio la Helsinki la 1964 lilisisitiza ridhaa ya anayefanyiwa utafiti, na mwaka 1975 likaongezwa sharti la kamati huru kupitia mpango wa utafiti. Wahariri wa majarida ya matibabu nao wanasema wazi kwamba kufunika macho kwenye picha hakutoshi.

Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa hivyo ukiletewa fomu hospitalini, usitie sahihi tu. Uliza: itachapishwa wapi? Nani ataisoma? Nitaiona kwanza? Kukataa kuchapishwa si kukataa matibabu.

Binamu alipona mguu. Lakini pale stejini bado wanamwita “Eksirei”, na yeye hacheki.