Uongozi na kazi: somo la Kasongo na Kabambare, 1892–1898

Wandugu wahitimu na wanafunzi, mtu akipewa somo la mitindo ya uongozi na utendaji wa wafanyakazi katika benki za biashara, mara moja anakimbilia vitabu vya ng'ambo. Lakini swali lenyewe ni hili: kwa nini watu wanafanya kazi vizuri chini ya mkubwa huyu, na chini ya yule wanaiharibu? Historia ya Maniema imeshalijibu, tena kwa damu.

Kabla ya benki yoyote, biashara ya hapa ilitembea kwa mkopo. Tippu Tip alichukua mali kwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja, akalipa kwa pembe za ndovu. Hakuweza kuwa kila mahali, basi aliwaachia wasaidizi wake nchi nzima waitawale. Mmoja wao ni Ngongo Lutete, wa Ngandu. Hatumsifu mtu hapa: ile ilikuwa biashara ya watumwa pia, na walioumia ni wazee wetu. Tunaangalia namna ya kuongoza tu.

Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi pwani, mwanawe Sefu akabaki Kasongo. Sefu na Ngongo waligombana juu ya pembe. Mwaka 1892 Ngongo, akiisha kushindwa vitani, alihamia upande wa Dola la Leopold. Kwa msaada wa watu wake, Dhanis aliingia Kasongo Aprili 1893.

Malipo yake yalikuwa nini? Septemba mwaka uleule maofisa wa Dola walimshtaki uhaini, wakampiga risasi haraka haraka. Askari wake waliingizwa jeshini, wengine wakapelekwa Luluabourg. Huko mshahara ulichelewa, fimbo haikuchelewa. Julai 1895 waliasi, wakamuua kamanda wao, Pelzer. Mwaka 1897 msafara mkubwa wa Dhanis, uliochoshwa na njaa na mwendo wa kulazimishwa, nao uliasi kule kaskazini. Waasi, wengi wao Watetela, walishuka kusini, na Novemba 1898 wakaiteka Kabambare.

Yaani miaka mitano tu: watu wa Ngongo waliifungulia Dola mlango wa Kasongo, kisha ndugu zao wakaitoa Dola hiyohiyo Kabambare. Uhodari wao haukubadilika. Kilichobadilika ni jinsi walivyoongozwa.

Benki si kambi, ni kweli. Mfanyakazi wa benki hachukui bunduki. Anaasi kimyakimya: foleni inakawia, hesabu zinakosewa, mteja anajibiwa vibaya, na yule hodari kuliko wote anahamia kwa mshindani. Mkubwa anapiga kelele zaidi, kazi inazidi kulala.

Kesho mmoja wetu atapewa tawi aliongoze. Aanze na mambo mawili ambayo Dola lile lilikataa: mshahara ufike kwa siku yake, na mtu asikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Ninyi mnaonaje?