Vijiji vya Katikati: Historia ya Basi la Goma na Butembo

Kwenye ramani, Barabara ya Taifa namba 2 inaunganisha Goma na Butembo, mwendo wa kilomita 300 hivi. Shofere haielezi hivyo. Mwulize njia, naye atakuhesabia majina: Kibati, Kibumba, Rugari, Rumangabo, Rubare, Rutshuru, Kiwanja, Mabenga, Rwindi, Kanyabayonga, Kayna, Kirumba, Lubero, Musienene, ndipo Butembo. Hesabu hiyo ya shofere ina ukweli ambao watawala wengi wa Kivu Kaskazini, wa bendera zote, hawakuushika. Basi la njia hii ni la vijiji vya katikati kabla ya kuwa la miji miwili ya mwisho. Barabara ikifungwa, mji hutafuta mlango mwingine: uwanja wa ndege, ziwa, mpaka wa nchi jirani. Kijiji kina mlango mmoja tu, nao ni pale basi linaposimama. Nitaifuata historia ya usafiri huu kuonyesha kwamba kila ulipokatika, waliolipa zaidi ni wale ambao hakuna aliyewataja.

Goma ilianza kama kituo cha Wabelgiji, mwanzoni mwa karne ya 20, kikitazamana na Wajerumani wa Gisenyi. Reli haikuifikia hata siku moja. Mwaka 1925 Wabelgiji walitenga Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na njia ya kwenda kaskazini ikalazimika kupita ndani yake: chini ya volkano, kisha kwenye mbuga ya Rwindi, kisha kuupanda mlima wa Kabasha kwa kona baada ya kona hadi Kanyabayonga. Lori lilitangulia basi, na abiria walikaa juu ya mzigo. Mobutu alipotaifisha biashara za wageni mwezi Novemba 1973, wafanyabiashara wa Kinande wa Lubero na Butembo walikuwa tayari wanalijua soko la maharagwe na mboga, na katika miaka iliyofuata malori yao yalipeleka mazao ya milima hiyo hadi Kisangani. Hiace na mabasi makubwa yalikuja kurithi mkondo ambao mkulima na lori walikwisha kuuchimba. Hakuna wizara iliyochora ratiba. Basi liliondoka lilipojaa, nalo lilijaa kwa sababu ya soko.

Litazame likiwa Kibumba. Udongo pale ni wa volkano, hewa ni ya baridi, na kabichi, viazi na liki vinakubali sana. Magunia yamepangwa ukingoni mwa barabara, yameshonwa mdomo kwa kamba, na juu yake yamefunikwa majani ili jua lisiguse mboga. Mama mwenye mzigo halipii kiti peke yake. Anapatana kwanza nauli ya gunia, na mapatano hayo yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulipandisha juu ya paa. Wakati huo huo mtu anampa shofere bahasha yenye jina la mpokeaji na la kijiji, mwingine anampa dawa zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ziachwe Rubare dukani kwa fulani. Posta ya serikali ilipokufa, shofere alishika kazi yake bila kuapishwa. Hii ndiyo huduma ninayoisema: gunia, bahasha, dawa, na mgonjwa anayeshushwa mbele ya hospitali ya Rutshuru. Ndege haiwezi hata moja ya hizo kwa mtu wa Kibumba. Kabichi haina nauli ya ndege.

Sasa tazama jinsi njia ilivyokatwa. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia kutoka Rwanda, na kambi za Kibumba, Kahindo na Katale zikaota upande huu huu wa kaskazini. Vita vya 1996 vikafuata. Kati ya 1998 na 2003 jimbo liligawanyika kati ya makundi mawili ya waasi, RCD-Goma kusini na RCD-K/ML huko Beni na Butembo, na mstari wa mamlaka hizo mbili ukapita upande wa Kanyabayonga. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikaukata mji wa Goma hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mwaka 2008 Rutshuru na Kiwanja ziliangukia mikononi mwa waasi wa CNDP, na mwaka 2012 mikononi mwa waasi wa M23. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilirudi, ikavuka barabara yenyewe karibu na Buhene, na ikabidi njia ichongwe upya juu ya jiwe. Hapo ndipo tofauti ya volkano na vita inaonekana wazi kabisa. Volkano ilipofunga barabara, tingatinga zililetwa. Lakini tarehe 29 Oktoba 2022 M23 ilipoziteka tena Rutshuru na Kiwanja na njia ikafungwa, aliyekuwa na pesa na karatasi za safari alivuka Gisenyi, akapita Rwanda na Uganda, akaingia tena Kongo kwa Kasindi: mipaka mitatu kwenda mji wa jimbo lake mwenyewe. Ni mateso, lakini alifika. Mkulima wa Rugari hakuwa na Kasindi yake. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga nayo ilianguka, na mstari ule wa zamani ukahamia ndani zaidi ya Lubero.

Wapo watakaosema kijiji hakihitaji basi, kwa kuwa pikipiki zinafika kila mahali. Zinafika kweli, na bila hizo vijiji vilivyo mbali na lami visingepata hata chumvi. Lakini pikipiki hubeba gunia moja au mawili, na bei ya mzigo mkubwa wa thamani ndogo haiwezi kuvumilia usafiri huo kwa safari ndefu. Kazi yake nzuri ni kulisha basi: kuleta samaki wa Vitshumbi, kutoka ziwa Edward, hadi barabara kuu. Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Mabasi yaliwalisha wenye bunduki kwa kodi ya barabarani. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu karibu vizuizi, au barieri, 800 katika Kivu mbili, na kila barieri ina kamba yake, mianzi yake, na mtu wa kuangalia kadi ya uchaguzi ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Kati ya Mabenga na Kanyabayonga, kwa sababu ya utekaji nyara, magari yalingojeana yapate kusindikizwa na askari. Hayo yote ni kweli. Lakini kodi ya barieri haikuzaliwa na basi. Inamfuata hata mama anayekwenda sokoni kwa miguu, na yeye analipa peke yake porini, pasipo abiria 20 wanaoona nani amechukua nini. Anayeona dawa ya barieri ni kuacha njia ife, amwulize mama huyo.

Jibu kamili kwa hoja hizo lilitoka upande wa pili, kwenye barabara ya Sake. Februari 2024 vita viliifunga njia ya Goma, Sake na Minova. Kati ya Goma na Bukavu boti za ziwani ziliendelea, kwa hiyo miji miwili ilibaki imeunganishwa, na wengi waliona hali inavumilika. Minova ilikuwa ikifikiwa kwa gari, kilomita zisizofika 60 kutoka Goma. Watu wake nao wakahamia majini, kwa boti zilizopatikana. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa ufukoni wakitazama. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja abiria 278. Makumi walikufa. Merdi haikuwa imetoka Bukavu. Ilikuwa imetoka Minova, na waliokuwamo ni watu ambao mwaka mmoja kabla wangekuwa wamekaa ndani ya basi, magunia yao yamefungwa juu ya paa.