Kufeli kwa breki (magari ya zamani)

Kufeli kwa breki ni hali ya gari kutopunguza mwendo, au kupunguza kidogo mno, dereva anapokanyaga pedeli. Makala hii inahusu breki za mafuta, hasa za dramu magurudumu yote manne kama kwenye Land Rover Series. Breki za upepo za malori ni habari nyingine.

 Chukua mfano wa miteremko: Ngara, jirani ya Wilaya ya Biharamulo, ni nchi ya vilima, na barabara ya Lusahunga hadi Rusumo hushuka kuufuata mto Kagera. Breki ikikanyagwa mfululizo mteremkoni hupata moto. Mafuta ya breki ya miaka mingi huwa yamenyonya maji: DOT 3 mapya huanza kuchemka kuanzia nyuzi joto 205, yaliyonyonya maji hata kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedeli huzama. Gari likipoa breki hurudi, na dereva huendelea na safari akidhani imejiponya.

Pedeli ndiyo ya kuulizwa kwanza. Ikiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani. Ikipanda baada ya kupampu mara mbili tatu, huenda breki shuu zimelika au hazijakazwa. Ikiwa ngumu na gari halisimami, kwenye gari lenye busta kagua busta na mpira wake wa kuvutia hewa. Ikanyage kwa nguvu ya wastani bila kuiachia: ikizama polepole na hakuna tone lolote nje, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Kama kuna uvujaji, vua dramu; unyevu nyuma ya raba ya vumbi ya silinda ya gurudumu unatosha kuihukumu. Gurudumu linalobaki limebanwa hutokana mara nyingi na mpira wa breki uliovimba ndani: nje unaonekana mzima kabisa, lakini mafuta yakishapita hayarudi. Legeza nipo ya kutolea upepo; gurudumu likiachia, tafuta kizuizi juu yake, kuanzia kwenye mpira huo.

Kuongeza mafuta si matengenezo. Oili ya injini ni mbaya zaidi, kwani huvimbisha raba zote za mfumo. Baada ya kubadilisha kifaa, upepo hutolewa, mara nyingi kwa kuanza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, na gari hujaribiwa kwanza kwenye tambarare.

Land Rover nyingi za Series II zina njia moja tu ya mafuta: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Hapo dereva hupampu pedeli, hushusha gia moja baada ya nyingine bila kuzima injini, na huvuta handibreki taratibu. Kwenye gari hilo handibreki hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi, si magurudumu, na ikivutwa ghafla kwa mwendo mkali inaweza kuvunja vyuma vya huko nyuma.